Setilaiti huona dalili za maji, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame

MNAMO Septemba 11, 2013, Wakenya walipokea habari njema kutoka kaunti ambayo kwa miaka mingi imezoeleka kutajwa tu wakati wa njaa na ukame. Aliyekuwa Waziri wa Mazingira, Maji na Maliasili, Profesa Judi Wakhungu, alitangaza kwamba hifadhi kubwa za maji zilikuwa zimegunduliwa chini ya ardhi kavu ya Turkana.

Hifadhi mbili ndizo zilizotajwa sana. Moja ilikuwa katika bonde la Lodwar na nyingine, kubwa zaidi, katika bonde la Lotikipi lililo magharibi mwa Ziwa Turkana. Makadirio ya awali yalisema kwamba Lotikipi pekee huenda ikawa na mita za ujazo bilioni 200 za maji. Vyombo vya habari, vya humu nchini na vya ng'ambo, vikatangaza kwamba taifa lingeweza kuyatumia maji hayo kwa miaka 70.

Jambo lililowavutia wengi lilikuwa jinsi maji yenyewe yalivyotafutwa. Katika mradi huo uliofadhiliwa na serikali ya Japani na kusimamiwa na Unesco, wataalamu walianza na picha za rada zilizopigwa kutoka angani. Picha hizo ziliunganishwa na ramani za miamba, na baada ya hapo ndipo mashine za kuchimba zikapelekwa nyikani kuthibitisha.

Miaka miwili baadaye, furaha hiyo ilikuwa imefifia. Vipimo vilivyofanyiwa maji ya Lotikipi vilionyesha kwamba yalikuwa na chumvi nyingi kupita kiwango salama cha kunywa. Mipango ya kuyasambaza ikasimama. Mfugaji aliyeahidiwa mto uliofichika akaendelea kuchimba mchanga wa mto wa msimu kwa mikono yake ili apate mtungi mmoja.

Wapo waliokimbilia kusema kwamba teknolojia ya setilaiti ni hadaa. Wengine waliwalaumu wanasiasa kwa kutangaza harusi kabla ya posa. Kwa maoni yetu, kisa cha Lotikipi kina funzo zito zaidi ya lawama hizo. Setilaiti ilifanya kazi yake. Kilichopungua ni kile kinachopaswa kufuata baada ya picha: vipimo vya kutosha vya ardhini, na wataalamu wa kutosha wa humu nchini wenye uwezo wa kuisoma picha, kuitilia shaka na kuieleza kwa wananchi kabla ya matumaini kupanda.

Kile setilaiti inachoweza kuona

Ili tuelewe hoja hii, inafaa kwanza tujue vyombo hivi hufanya kazi vipi.

Setilaiti ya kwanza katika mfululizo wa Landsat ilirushwa na Marekani mnamo Julai 1972. Tangu wakati huo, ardhi ya Kenya imekuwa ikipigwa picha mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 50. Katika picha za Landsat za sasa, kila nukta huwakilisha kipande cha ardhi chenye upande wa mita 30. Maji humeza miale isiyoonekana kwa macho ambayo mimea huirudisha angani, na kwa sababu hiyo ziwa huonekana jeusi ilhali msitu hung'aa. Kwa kulinganisha picha za miaka tofauti, mtaalamu huweza kueleza ziwa lilipanuka lini na msitu ulikatwa wapi.

Hadi mwaka wa 2008, picha nyingi za Landsat ziliuzwa kwa bei ambayo chuo cha kawaida barani Afrika hakingeimudu. Mwaka huo zikafunguliwa kwa wote bila malipo. Baadaye Ulaya ilirusha setilaiti zake za Sentinel ambazo picha zake pia hutolewa bure. Sentinel-2 huonyesha vipande vya ardhi vyenye upande wa mita 10, huku Sentinel-1 ikitumia rada inayopenya mawingu na giza la usiku. Uwezo huo ni muhimu sana wakati wa mafuriko, kwani siku mto unapovunja kingo ndiyo siku anga hufunikwa na mawingu mazito.

Zipo pia setilaiti zinazopima kimo cha maziwa kwa kutuma mawimbi na kuhesabu muda yanaochukua kurudi. Nyingine, pacha zilizojulikana kama GRACE, zilirushwa mwaka wa 2002 na kufanya kazi hadi 2017, kisha zikafuatwa na pacha wengine mwaka wa 2018. Hizi hazipigi picha kamwe. Husafiri zikifuatana kwa umbali wa takriban kilomita 220, na hupima jinsi umbali huo unavyobadilika kutokana na uzito wa dunia iliyo chini yake. Maji yanapopungua ardhini, uzito hupungua, na pacha hao hutambua.

Hata hivyo, kila chombo kina mpaka wake. GRACE hupima eneo la mamia ya kilomita kwa pamoja. Haiwezi kumwambia chifu kisima kichimbwe nyuma ya shule au karibu na zahanati. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa na Marekani na Ufaransa mnamo Desemba 2022, ilibuniwa kupima mito yenye upana wa zaidi ya mita 100. Mito mingi inayowanywesha Wakenya haifikii hata nusu ya upana huo.

Rada nayo hupenya mchanga mkavu kwa kina cha mita chache tu. Hifadhi iliyo mamia ya mita chini ya ardhi haionekani moja kwa moja. Mtaalamu huikisia kutokana na dalili: nyufa za miamba, mikondo ya mito ya kale, unyevu wa udongo na mimea inayostawi pasipotarajiwa. Na hakuna dalili yoyote kati ya hizo inayoweza kuonja maji na kutambua kwamba yana chumvi. Jibu hilo hutoka kwenye kisima na maabara pekee.

Ushahidi wa wasio na sauti

Licha ya mipaka hiyo, kuna mambo ambayo bila picha za angani tungebaki kubishana bila mwisho.

Chukua mfano wa maziwa ya Bonde la Ufa. Kuanzia takriban mwaka wa 2010, maziwa ya Baringo, Bogoria, Nakuru na Naivasha yalianza kupanuka na kumeza mashamba, shule, hoteli na barabara. Ripoti iliyotolewa na serikali mnamo 2021 ilieleza kwamba karibu watu 400,000 walikuwa wameathirika. Wapo wakazi walioshuku kwamba kulikuwa na njama, na wengine wakaona ni laana. Picha za miaka mingi zilisaidia kuonyesha hatua kwa hatua jinsi maji yalivyosogea, na zikawezesha watafiti kuyahusisha mabadiliko hayo na ongezeko la mvua na uharibifu wa ardhi katika maeneo ya juu.

Kwa familia iliyopoteza shamba Baringo, picha hiyo ina thamani kubwa. Ni ushahidi kwamba mahali palipo na maji leo palikuwa na boma lake, na kwamba hakujenga ziwani kwa ukaidi.

Mfano wa pili ni Mto Ewaso Ng'iro Kaskazini. Mto huu hupata maji yake kutoka Mlima Kenya na Aberdare, hupita katika mashamba ya Laikipia, kisha huteremka kuelekea Samburu na Isiolo kwa wafugaji. Wakati wa kiangazi kikali, umewahi kukauka kabisa karibu na Archers Post. Wafugaji hulaumu wakulima wa juu, nao wakulima hulaumu mvua.

Ili kuamua ugomvi kama huo, haitoshi kuhesabu mabomba. Kuna teknolojia inayotumia joto la ardhi na hali ya mimea, kama zinavyoonekana kutoka angani, kukadiria ni maji kiasi gani yanayopotea hewani kutoka katika kila shamba. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina mfumo uitwao WaPOR unaotoa takwimu za namna hii kwa Afrika bila malipo. Shamba linalobaki kijani kibichi mwezi Februari, wakati ardhi yote jirani imegeuka kahawia, haliwezi kuficha kwamba linanyweshwa.

Sheria ya Maji ya 2002 ilianzisha vyama vya watumiaji maji ili watu wa juu na wa chini ya mto mmoja wakae kwenye meza moja, na Sheria ya Maji ya 2016 ikavidumisha. Chama kama hicho kikiwa na ramani inayoaminika na pande zote, mjadala hugeuka. Kikikosa ramani, mwenye pampu kubwa na wakili mzuri ndiye husikika.

Macho ya kuazima

Ni kinaya kwamba taifa hili si geni katika mambo ya anga. Kati ya mwaka wa 1967 na 1988, Italia ilirusha setilaiti kutoka majukwaa ya San Marco yaliyo baharini karibu na Malindi. Mojawapo, iliyorushwa Desemba 12, 1970, ilipewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu ya kitaifa. Nairobi nayo ni makao ya kituo cha kanda cha kutayarisha ramani za rasilimali kwa maendeleo, RCMRD, kilichoanzishwa mwaka wa 1975 na kilicho Kasarani, kando ya Barabara ya Thika. Mnamo 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilirushwa. Mnamo Aprili 15, 2023, Taifa-1 ikafuata kutoka California, Marekani, chini ya Shirika la Anga za Juu la Kenya.

Hizo ni hatua za kujivunia. Hata hivyo, sehemu kubwa ya picha na takwimu tunazotumia hutoka kwa mataifa mengine, na mara nyingi uchambuzi wenyewe pia hufanywa huko.

Hatari ya hali hii ilidhihirika Januari 2025. Mtandao wa FEWS NET, ulioanzishwa mwaka wa 1985 kutoa tahadhari za njaa na uliofadhiliwa na serikali ya Marekani, ulizimwa baada ya Washington kusimamisha misaada yake ya nje. Ingawa baadhi ya huduma zilirejea baadaye mwaka huo, kwa miezi kadhaa wapangaji wa misaada katika eneo letu walipoteza chombo walichokitegemea kwa miongo mingi. Cha kuazima hakisitiri maungo.

Kwa bahati njema, Kenya haikubaki gizani kabisa. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa za kila mwezi kwa kaunti kame, na ndani yake hujumuisha hali ya mimea kama inavyoonekana kutoka angani pamoja na taarifa zinazokusanywa vijijini. Huo ndio mfano wa kuiga: jicho la juu likisaidiwa na mguu wa chini.

Fimbo ya mtoni

Mguu huo wa chini ndio ulio dhaifu. Takwimu za mvua zinazotokana na setilaiti, kama zile za mfumo wa CHIRPS zinazoanzia mwaka wa 1981, hukadiria mvua kwa kutazama joto la mawingu na kisha kurekebishwa kwa vipimo vya vituo vya ardhini. Vituo vikipungua, makadirio nayo hulegea. Vivyo hivyo kwa mito: picha haiwezi kueleza kwa uhakika ni maji kiasi gani yanayopita chini ya daraja ikiwa hakuna mtu aliyesimika fimbo ya kupimia, akaisoma kila asubuhi na kuandika.

Kazi hiyo haina fahari. Haizinduliwi kwa utepe wala haionyeshwi kwenye televisheni. Fimbo ikisombwa na mafuriko, inaweza kukaa miaka kabla ya kurejeshwa. Lakini rekodi iliyokatika haishoneki tena. Mafuriko ya mwaka ambao hayakupimwa yamepotea milele, na mhandisi atakayejenga daraja miaka 20 ijayo atakisia.

Hali hii inatisha tukizingatia kiasi cha maji tulicho nacho. Kwa muda mrefu takwimu rasmi zimetaja mita za ujazo 647 za maji safi kwa kila Mkenya kwa mwaka, ilhali nchi yenye chini ya mita 1,000 huhesabiwa kuwa na uhaba. Kati ya 2020 na 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilifeli katika maeneo kame. Mara tu baada ya hapo, Aprili na Mei 2024, mafuriko yakaua watu katika sehemu nyingi za nchi, yakiwemo maafa ya Mai Mahiu. Taifa linaloyumba kati ya kiu na gharika haliwezi kumudu kusimamia maji kwa kukisia.

Elimu inayohitajika

Hapa ndipo suala la masomo linapoingia. Chuo Kikuu cha Nairobi, kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, cha Dedan Kimathi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya hufundisha taaluma za upimaji ardhi, ramani za kompyuta na uchambuzi wa picha za angani. Taasisi ya Maji ya Kenya, iliyo South C jijini Nairobi, hufunza mafundi wa maji. Kwa hivyo, hatuwezi kusema hakuna pa kusomea.

Tatizo ni kwamba taaluma hizi mbili huishi kama majirani wasiosalimiana. Kijana anayesomea ramani huweza kuhitimu bila kuwahi kushuka mtoni na kupima mkondo. Fundi wa maji naye huweza kuhitimu bila kuwahi kufungua picha ya setilaiti, ingawa picha ni za bure na programu kama QGIS hailipiwi. Isitoshe, soko la ploti na hati za mashamba ndilo linalolipa haraka, na mpima ardhi mwenye familia huenda kunakolipa.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha. Katiba hiyo hiyo ilikabidhi kaunti huduma za maji. Kwa hiyo, ni haki kuuliza kila idara ya maji ya kaunti maswali matatu rahisi. Je, ina ramani inayoonyesha visima vyake vyote, kina chake, na kama maji yake yana chumvi au floraidi? Je, ina mfanyakazi wa kudumu anayeweza kuchambua picha za angani bila kusubiri mshauri kutoka nje? Na je, visima vilivyokosa maji huandikwa popote, au husahauliwa ili makosa yarudiwe mwaka unaofuata?

Swali la tatu ndilo muhimu zaidi. Kisima kikavu kilichoandikwa vyema ni elimu kwa mchimbaji wa pili. Kikifichwa kwa aibu, pesa za umma hutupwa shimoni mara mbili.

Aidha, elimu hii isiwe ya wenye shahada pekee. Mzee wa Turkana anajua ni kona ipi ya mto mkavu inayohifadhi maji hadi Machi. Wakulima wa Kitui na Makueni wamejenga mabwawa ya mchanga kwa miongo mingi, wakichagua mahali penye mwamba chini na mchanga mkubwa juu. Setilaiti huweza kuonyesha mito mia moja ya msimu kwa siku moja. Wenyeji huweza kueleza ni kumi ipi inayofaa. Mwanafunzi anayejifunza kuuliza wenyeji kabla ya kuchora ramani ataokoa muda na fedha.

Tukirudi Lotikipi, hesabu haijafungwa. Maji yenye chumvi huweza kusafishwa kwa mitambo, japo kwa gharama kubwa, na bonde zima halijulikani kwa kisima kimoja au viwili. Kwingineko katika kaunti hiyo hiyo, mji wa Lodwar hutegemea visima vilivyo kando ya Mto Turkwel, ambako hifadhi ndogo iliyo karibu na mto imewafaa watu kuliko bahari iliyotangazwa kwa kishindo. Hifadhi hiyo nayo inahitaji kupimwa na kulindwa kabla mji haujaikausha au kuichafua.

Uchunguzi zaidi utahitaji fedha, mashine za kuchimba na maabara. Lakini kabla ya hayo yote, utahitaji vijana wa Turkana wenyewe waliosomea kazi hii, watakaobaki hapo baada ya wafadhili kufunga virago. Watu wa namna hiyo wangekuwapo kwa wingi mwaka wa 2013, huenda tangazo lingesomwa kwa sauti ya chini kidogo: kwamba dalili zimeonekana, maji hayajaonjwa bado, subirini.

Sentensi hiyo isingefika kurasa za kwanza za magazeti ya ng'ambo. Lakini ingemwachia mfugaji wa Lotikipi heshima yake, na ingeiachia serikali uaminifu ambao itauhitaji siku itakaporudi kwake na habari za maji matamu.